Uvimbe Nyuma ya Goti la Bi Mkubwa



Tumeombwa zaidi ya mara moja, mlangoni mwa msikiti na hata katika harusi za watu, tueleze yaliyotufika nyumbani kwetu mwaka 2019, kwani habari zake zimeenea nusu nusu na kila anayezisimulia hupunguza au huongeza. Wapo waliosikia kwamba Bi Mkubwa wetu alikatwa mguu. Hakukatwa. Wapo waliosikia kwamba Mjomba aliponywa kwa chuku. Hakupigwa chuku, na lau angepigwa pengine yeye ndiye ambaye angekatwa mguu. Basi tumeona bora tuandike wenyewe, sisi ndugu watatu, kama tulivyoyaona na kama tulivyokosea.

Bi Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 71. Magoti yake yalikuwa yamechakaa tangu zamani. Madaktari wa hapa Uingereza walikwisha kumwambia kwamba gegedu limelika na kwamba hakuna dawa ya kulirudisha. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akilalamika kwamba anapokaa tahiyatu huhisi kana kwamba pana limau nyuma ya goti lake la kulia. Ndivyo alivyosema, limau. Hatukulipa neno hilo uzito wowote. Tulimnunulia kiti cha kusalia, tukaona tumemaliza wajibu wetu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, akipanda ngazi za nyumbani huku amebeba nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akasimama ghafla akashika ukuta. "Mfuko wa maji umenipasukia," alituambia, "na maji yenyewe ya moto, yanateremka ndani kwa ndani." Tulitazama mguu hatukuona kitu. Baada ya saa chache shavu la mguu lilikuwa limevimba, ngozi imekazana na kung'aa, na yeye hawezi kukanyaga chini.

Sasa tunafika penye kosa letu. Usiku ule shangazi yetu alikuja na chupa ya mafuta ya habasoda, akamchua Bi Mkubwa kuanzia kisigino kwenda juu kwa nguvu zake zote, na sisi tulimshika mabega mama yetu asijitupe. Alilia, tukamwambia avumilie, damu chafu inatoka. Hatukuwa tunajua kwamba mguu mmoja ukivimba ghafla namna ile huenda ukawa na donge la damu ndani ya vena, na kwamba donge hilo likibanduka husafiri hadi mapafuni na huweza kumwua mtu papo hapo. Tulikuwa tukikichua kitu tusichokijua.

Jumatatu tulipiga simu kliniki, tukaambiwa kwamba huenda msuli umeteguka, apumzike na ameze vidonge vya maumivu. Hatuwezi kuwalaumu sana. Aliyepokea simu hakuuona mguu, na sisi tuliosimulia tulisimulia vibaya: tulisema mguu unauma, tukaacha kabisa habari ya limau na habari ya maji kupasuka, kwa kuyaona ni maneno ya kizee yasiyofaa kupelekwa kwa daktari. Kumbe hayo ndiyo yaliyokuwa maradhi yenyewe. Jumanne jioni ilitokea alama ya buluu iliyokolea, imepinda kama hilali, chini ya kifundo cha mguu upande wa ndani. Mmoja wetu alikwenda kumuuliza mfamasia wa mtaani ni malhamu gani ipakwe hapo. Mfamasia aliuliza maswali mawili tu, kisha akasema hauzi malhamu, mpelekeni hospitali sasa hivi.

Huko Bi Mkubwa alipimwa damu. Kipimo chenyewe hutafuta mabaki ya donge linaloyeyuka. Kikiwa chini, pamoja na dalili kuwa chache, donge halielekei kuwapo. Kikiwa juu hakithibitishi kitu, maana umri peke yake, au jeraha, huweza kukipandisha. Cha Bi Mkubwa kilikuwa juu. Mashine ya altrasaundi isingepatikana hadi asubuhi, na daktari akataka achomwe sindano ya heparini usiku huo, ili kama donge lipo lisizidi kukua.

Hapo mmoja wetu akakumbuka jambo alilowahi kulisikia, akauliza heparini hutoka wapi. Daktari, Mungu amjaze kheri, hakutuficha: hutengenezwa kutokana na matumbo ya nguruwe. Akaongeza kwamba ipo dawa nyingine inayotengenezwa maabara bila ya mnyama yeyote, nayo ni fondaparinuksi, lakini usiku ule haikuwapo karibu. Tulitazamana. Tulitoka ukumbini kumpigia simu imamu wetu, akatujibu bila ya kusita kwamba dharura ina hukumu yake na roho ya mtu haichezewi. Tuliporudi kumwambia Bi Mkubwa, tulimkuta amekwisha kukunja mkono wa nguo. "Kama hakuna nyengine nichomeni," alisema. "Mola anajua nilipo."

Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu tumeulizwa sana. Tangu mwaka 2020 mwongozo wa taifa wa matibabu hapa umeweka mbele vidonge, yaani apiksabani au rivaroksabani, kwa wagonjwa wengi waliothibitishwa kuwa na donge, na vidonge hivyo havitokani na heparini. Lakini heparini haijaondoka mahospitalini. Mwenye kutaka kujua na aulize mapema, wala asiogope kuonekana mkaidi.

Asubuhi yake tulipelekwa chumba cha altrasaundi. Tuliomba mpimaji wa kike, tukapewa. Bi Mkubwa alikuwa amechukua leso yake mwenyewe kutoka nyumbani, akajifunika yote isipokuwa mguu, akalala kifudifudi. Chumba kilikuwa na giza kama chumba cha kusafishia picha cha zamani. Mpimaji akapaka ute wa baridi nyuma ya goti, akaweka juu yake kichwa cha mashine kisichozidi ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa, na kwenye kioo pakatokea kitu kama mawingu ya kusi.

Mashine hii haina miale kama eksirei. Hutoa sauti ambayo sikio la mwanadamu haliwezi kuisikia. Sisi husikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kwa goti, mashine hutumia mitetemo milioni 5 hadi milioni 15 au zaidi. Sauti huingia mwilini, hugonga kila inachokutana nacho, na mwangwi wake hurudi na kugeuzwa picha. Mfupa huurudisha mwangwi kwa nguvu ukaonekana mweupe. Maji matupu hayarudishi kitu, yakaonekana meusi. Damu inayokwenda mashine huweza kuitia rangi nyekundu na buluu, kwa kadiri inavyokuja au inavyokwenda mbali na kichwa chake.

Baadaye tulisoma kwamba chombo hiki kilianzia viwandani. Profesa Ian Donald wa Glasgow, tabibu wa wanawake, alikwenda mwaka 1955 katika kiwanda cha vyuma karibu na mji huo, akiwa na vivimbe vilivyotolewa kwa operesheni, akavijaribu kwa mashine iliyokuwa ikitafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1958, yeye na wenzake MacVicar na Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwapo mwanamke aliyekwisha kukatiwa tamaa kwa kudhaniwa ana kansa ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha kwamba tumbo lake limejaa kifuko kikubwa cha maji, kikatolewa. Tulipoisoma habari hii tulimkumbuka Bi Mkubwa kwa sababu tutakayoieleza.

Mpimaji alianza na vena. Kila hatua chache alibinya kwa kichwa cha mashine, na duara jeusi la vena likabonyea likawa mstari, kisha likafunguka tena. Alituonyesha: vena yenye donge haibonyei. Alibinya kuanzia kinena hadi chini ya goti, na kila mahali ikabonyea. Tukasema alhamdulillah kwa pamoja, hata mpimaji akacheka.

Kisha akahamia upande wa ndani wa nyuma ya goti, na hapo akasimama. Kwenye kioo palikuwa na kitu cheusi, kinene juu na chenye shingo nyembamba, kama vile kibuyu. Shingo ile, alisema, ndiyo anayoitafuta siku zote. Hupita baina ya kichwa cha ndani cha msuli wa shavu la mguu na kano inayoshuka kutoka paja, na huungana na goti lenyewe. Goti lenye maradhi hutoa maji mengi. Maji husukumwa kwenye kifuko hiki na hayarudi kwa wepesi, kana kwamba pana mlango wa upande mmoja. Robert Adams wa Dublin alikieleza mwaka 1840, lakini jina lililobaki ni la William Morrant Baker, tabibu mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's ya London, aliyeandika habari zake mwaka 1877. Ndipo tukaambiwa "sisti ya Baker".

Na chini ya kifuko, badala ya mwisho wa mviringo, palikuwa na ncha iliyochongoka, na kutoka hapo maji yametambaa kama ulimi mweusi baina ya misuli hadi karibu ya kifundo. Kifuko kilikuwa kimepasuka, kama alivyosema mwenyewe tangu siku ya kwanza. Hilali ya buluu ilikuwa ni damu kidogo iliyofuata njia ile ile ya maji. Sindano za heparini zikasimamishwa siku hiyo hiyo.

Mmoja wetu, kwa furaha na haraka, akafasiri: "Mama, si damu. Una uvimbe tu."

Rangi ikamtoka. Alikaa kitandani akaivuta leso yake hadi kichwani na hakusema neno. Dada yake alikwenda kwa uvimbe. Jirani yetu wa Unguja alikwenda kwa uvimbe. Katika lugha yetu jina hilo moja hubeba jipu, hubeba jiwe la mnazi lililompiga mtu kichwani, na hubeba kansa, na msikilizaji huchagua lile analoliogopa. Tulihangaika takriban robo saa tukimwambia ni kifuko cha maji, ni maji ya goti yaliyotoka nje, na kila tulivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba tunamficha. Aliyemtoa hofu ni mpimaji, asiyejua neno moja la Kiswahili. Aligeuza kioo, akaiweka kidole chake kwenye goti la Bi Mkubwa, kisha kwenye kibuyu, kisha kwenye ulimi wa maji, na akafanya kwa mdomo sauti ya kitu kupasuka. Bi Mkubwa akasema, "Si ndivyo nilivyokwambieni?" Tangu siku ile huomba mkalimani wa hospitali, ambaye hapa halipiwi, na sisi hukaa pembeni.

Wakati akimfuta ute, tulimuuliza mpimaji kama vifuko vyote huwa hivi. Alisema vingi huwa hivi na havina shari: goti likitulia navyo hutulia, na hata vikifyonzwa kwa sindano hujaa tena iwapo goti lenyewe halikutibiwa. Lakini vipo visivyofuata kawaida. Vipo vyenye kuta ndani, vyumba vyumba. Vipo vyenye vipande vya gegedu vilivyovunjika vinavyoelea, na vipo vyenye punje kama mchele uliovunjika, ambazo huonekana kwa mwenye baridi yabisi ya siku nyingi na, mara chache, kwa mwenye kifua kikuu cha kiungo. Vipo vilivyojaa damu, hasa kwa wanaomeza dawa za kuzuia damu isigande, na vipo vilivyojaa usaha. Vingine hupanda juu pajani badala ya kushuka. Na vipo visivyo vifuko kabisa. Kinachomtia yeye wasiwasi, alisema, ni kile kisicho na shingo, au kilicho na nyama ndani yake yenye damu inayokwenda. Hicho hakipi jina. Hukipeleka mbele kwa MRI na kwa mabingwa, kwani zipo kansa za nyama laini zinazojifanya maji. Mengi ya haya tuliyasikia kwa adabu tu, tukidhani hayatuhusu.

Jumapili iliyofuata jamaa walikuja kumjulia hali mgonjwa. Bi Mkubwa alisimulia kisa chake na sauti ya kupasuka akaifanya vizuri kuliko mpimaji. Mjomba, mdogo wake, alikuwa na miaka 68 na alikuwa amevuta sigara tangu ujana. Alikunja suruali yake akasema, "Hata mimi ninalo dude kama hilo, mwaka wa pili huu. Kumbe maji tu." Halikumuuma. Alikuwa amekwisha kuahidiana na mtu wa hijama aje Jumamosi alichanje na kulivuta.

Mmoja wetu aliligusa. Lilikuwa likipiga. Lilipiga chini ya vidole kwa mapigo yale yale ya moyo, ilhali la Bi Mkubwa halikupiga hata mara moja. Tulimwambia aende kwa daktari. Akasema kama la dada yake ni maji basi na lake ni maji, wametoka tumbo moja. Hapo ndipo tulipoona kwamba habari njema ya mtu mmoja yaweza kuwa hatari kwa mwingine, na kwamba sisi wenyewe ndio tulioipeleka habari hiyo kila nyumba. Ilituchukua wiki tatu. Hatukumshinda kwa hoja. Tulimwomba yule mtu wa hijama aje aliguse kwanza, naye, kwa kuwa ni mtu mwenye kujua kazi yake na mwenye kumcha Mungu, aliweka vidole, akavitoa, akakusanya vyombo vyake. "Mimi sitii wembe juu ya mshipa," alisema. Hijama ni suna wala hatuna neno nayo, na huyu ndiye tunayempelekea watu hadi leo.

Altrasaundi ya Mjomba haikuwa na kibuyu. Kile kitu cheusi hakikuwa na shingo, wala hakikuwa upande wa ndani. Kilikuwa katikati, na mpimaji alipogeuza kichwa cha mashine kikaonekana kimeungana na ateri juu na chini, kama nyoka aliyemeza yai. Alipotia rangi, katikati pakazunguka nyekundu na buluu, na pembeni pakabaki kijivu kisichokwenda: donge lililotanda ukutani. Ilikuwa ateri yenyewe iliyotanuka, upana sentimita 2.8. Aliangalia mguu wa pili bila ya kuambiwa, nao ukawa na sentimita 2.1. Akaomba Mjomba ageuke chali, akampima tumbo, na mshipa mkuu wa tumboni ukawa na sentimita 3.6, nao hauzidi 3 kwa kawaida. Maradhi haya huwapata zaidi wanaume wazee, zaidi wavutaji sigara, na mara nyingi huwa pande zote mbili na tumboni pia.

Daktari wa mishipa alitueleza kwamba la nyuma ya goti si kupasuka linaloogopwa zaidi, bali donge. Vipande vya donge hukatika vikashuka kwenye mguu na kuziba mishipa midogo, au donge lote likaziba njia kwa mara moja, na mguu ukafa ndani ya saa chache. Tulimuuliza ingekuwaje lau lingechuliwa au lingepigwa chuku. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani aliyekataa kufanya hivyo.

Bi Mkubwa alisafiri kwenda Umra mwezi wa Shaabani, mwishoni mwa Aprili, kwa ruhusa ya daktari, amevaa soksi za kubana na akisimamishwa kutembea ndani ya ndege kila baada ya muda. Alitufu kwa kiti cha magurudumu kwa shingo upande. Limau lilirudi baada ya miezi minne, dogo kuliko lile la mwanzo, na lipo hadi leo.

Mjomba alipasuliwa mwezi wa Juni. Walichukua vena kutoka pajani mwake, wakaifanya njia mpya ya damu kuipita ile sehemu iliyotanuka. Mguu wa pili ulifanyiwa mwaka uliofuata. Tumbo hupimwa kila mwaka, na sigara ameacha, ijapokuwa hupenda kukaa karibu na wanaovuta.

Alipokuwa bado hospitali tulikwenda kusafisha chumba chake, tukakuta kopo la biskuti limejaa barua za hospitali ambazo hazikufunguliwa. Yeye hasomi Kiingereza, na barua zote humjia katika bahasha za rangi moja pamoja na za umeme na za kodi. Katikati ya kopo ilikuwapo barua ya miaka mitatu nyuma. Hapa Uingereza kila mwanamume huitwa katika mwaka anaotimiza miaka 65 apimwe mshipa wa tumbo kwa altrasaundi, bure, kwa dakika chache tu. Ilikuwa ni barua hiyo, na bahasha bado imefungwa.

Sasa kopo lipo mezani kwetu, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana hulifungua mbele yake na kumsomea kilichomo.